Uso wa Saa ya Mzee Mosi

Kikombe cha bati cha Fransisko kilikuwa na pengo. Rangi yake ya bluu ilibanduka ukingoni siku kilipoanguka sakafuni, miaka ishirini na kitu iliyopita, na tangu hapo alijizoesha kunywa chai kwa upande wa pili ili chuma kisimkwaruze mdomo. Jumatatu ile asubuhi alimimina chai, akakizungusha kikombe kwa mazoea na kulitafuta pengo lake kwa kidole gumba. Halikuwepo. Akakizungusha tena. Rangi ilikuwa kamili pande zote, inang'aa kama ya dukani.

"Mama Baraka," aliita kuelekea jikoni, "umenunua kikombe kingine?"

"Cha nini, Baba Baraka? Hicho hicho si kinakutosha?"

Fransisko alikuwa amechoka, kama alivyochoka kila Jumatatu kwa miaka kumi na miwili, akaona hilo si jambo la kuanzia nalo wiki. Akanywa chai yake, tena kwa upande ule ule wa siku zote.

Alikuwa fundi saa, umri wake miaka sitini na mitatu. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko kuu la Morogoro, kidogo kiasi kwamba mteja akiingia fundi inabidi akunje miguu. Zamani watu walipanga foleni pale. Siku hizi kila mtu anaangalia saa kwenye simu, na wachache wanaokuja wanataka betri au kufupishiwa mkanda. Fransisko hakuwa na hasira na simu. Hasira nayo inataka nguvu, na nguvu zake alizimaliza siku walipomzika Baraka, mtoto wao wa pekee, dereva wa bodaboda wa miaka kumi na tisa, aliyeteleza na pikipiki kwenye kona ya kushukia Mkuyuni.

Mkewe Yustina alikuwa mtu wa usafi kupita kiasi. Alikuwa na tabia moja iliyomtia mumewe aibu kwa miaka thelathini na nane: kulowesha ncha ya khanga kwa mate na kumfuta mtu uso hadharani. Alimfuta Baraka hivyo mlangoni mwa kanisa mpaka kijana akaota ndevu na kuanza kumkimbia. Baraka alipoondoka, akabaki Fransisko wa kufutwa. Alinung'unika kila Jumapili, lakini hakuukwepesha uso hata mara moja.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana kikombe hakikujitengeneza chenyewe.

Siku kumi kabla ya Jumatatu hiyo, Fatuma, bibi shamba wa Kingolwira, aliegesha pikipiki ya ofisi mbele ya kibanda, akaingia na viatu vyake vya mpira vyenye tope, akafungua leso na kuweka juu ya meza saa ya mkono. Ilikuwa ya dhahabu, kazi ya Uswisi, ya kutia ufunguo kwa kidole. Fransisko alikuwa hajaigusa saa ya namna hiyo kwa miaka mingi, akajikuta anafuta mikono kwenye suruali.

"Ni ya marehemu baba, Mzee Mosi," Fatuma alisema. "Alikuwa mkuu wa mitambo kwenye shamba la mkonge. Imesimama. Naomba uisafishe mashine, utie mafuta. Ila uso usiguse."

Fransisko alivaa lenzi jichoni. Uso wa saa zamani ulikuwa mweupe. Sasa ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na kandokando, juu ya alama za dakika, weusi wa kahawia ulizunguka duara zima.

"Na uchafu huu?"

"Uache."

"Mwanangu, nikikurudishia saa kama hii na uso kama huu, watu watasema Fransisko amezeeka, haoni."

"Nimewatumia picha watu wa Dar wanaopenda saa za zamani, fundi. Wote wamesema hivyo hivyo, uso ukioshwa saa imeharibika, maana umri wake uko pale. Na baba mwenyewe alirudia mara tatu kabla hajafa. Mashine fungueni, uso msiguse."

"Alisema kwa nini?"

"Hakusema. Alikuwa anaumwa, na mimi sikuuliza."

Fransisko alisema sawa. Alisema sawa ya fundi, ile ambayo mteja akishaondoka inaanza kupungua uzito.

Lazima mjue alivyofundishwa. Fundi aliyemfundisha alimwambia siku ya kwanza kwamba mteja haoni mashine, anaona uso, na kazi yako yote ya wiki nzima ataipima kwa kuangalia pale. Kwa miaka arobaini Fransisko hakuwahi kumrudishia mtu saa yenye uso mchafu. Hata zile za plastiki za watoto alizifuta. Ndiyo ilikuwa heshima yake, na ukiondoa mke, ndicho kitu pekee alichobaki nacho.

Mashine ilimchukua siku nne. Siku ya Ijumaa mvua ya vuli ilianza mapema, mawingu yakashuka kutoka Uluguru mpaka kwenye mabati ya soko, wateja wakatoweka. Mashine ilikuwa imeshalia vizuri, mafuta yako mahali pake. Umebaki uso, umelala juu ya karatasi, na kila alipoinua macho aliuona. Akajiambia atagusa pembeni tu, karibu na namba sita, hakuna atakayejua.

Alichukua brashi yake ya nywele chache, akaipitisha midomoni ili ipate ncha. Fundi wake alifanya hivyo, na mafundi wote hukatazana kufanya hivyo, na wote hufanya. Akaichovya kwenye maji yenye sabuni kidogo, akagusa uso wa saa, akairudisha mdomoni. Alitegemea ladha ya kutu. Alipata zafarani, na nyuma ya zafarani marashi, kama wali wa harusi.

Chini ya lenzi aliona kwamba ule weusi haukuwa doa. Ulikuwa mistari myembamba, yenye ndoano na nukta, imesongamana ikizunguka uso mzima. Akadhani ni rangi iliyopasuka. Fransisko alikuwa mtoto wa misheni ya Matombo, kama mkewe, maandishi yale ya Kiarabu hakuwahi kufundishwa. Wazo la kusimama lilipomjia, nusu ya duara ilikuwa imeshaondoka, na uso uliooshwa nusu ni mbaya kuliko mchafu, hilo fundi yeyote atakwambia. Akaendelea. Brashi mdomoni, brashi usoni, mpaka weupe wote ukatoka. Alipoinua kichwa alikuwa anatabasamu peke yake, na uchovu alikuwa ameusahau.

Alimpigia Fatuma. Fatuma alikuwa Turiani kwenye semina ya mpunga, akasema atapita akirudi. Fransisko akaifunga saa, akaiweka kwenye droo. Ilitembea vizuri sana.

Baada ya kikombe, mambo yalikuja mdogo mdogo. Alama ya sigara ya fundi wake, iliyounguza meza ya kazi tangu Fransisko akiwa mwanafunzi, haikuonekana tena. Mbao ilikuwa laini. Ufa wa kioo cha mbele ya kibanda ulizibika. Na kila ilipofika saa tisa alasiri, soko likiwa limepoa, alianza kusikia brashi. Shwa, shwa, shwa. Sauti ndogo, ya nywele chache juu ya bati laini. Aliiangalia brashi yake, ilikuwa kavu ndani ya kopo. Alizima redio asikilize vizuri, na sauti ikaendelea, kisha ikahama polepole, ikatoka nje ya kibanda, ikashika barabara ya kwenda Bigwa, upande wa nyumbani kwake.

Nyumbani, Yustina alikuwa anachambua mchele bila miwani.

"Baba Baraka, hebu njoo uone. Lile jicho langu lenye ukungu. Limefunguka."

Alikuwa kwenye orodha ya kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho tangu mwezi wa tatu. Fransisko alimshika kidevu, akalitazama jicho kwa lenzi yake ya saa, wakacheka wote wawili kwa sababu ilikuwa miaka hawajasogeleana hivyo. Jicho lilikuwa jeusi na safi. Nyumba ilinukia marashi. Akadhani mke wake amenunua.

Kesho yake goti la Yustina liliacha kuuma. Jumapili alipiga magoti kanisani tangu mwanzo wa misa hadi mwisho, na jirani yao Prisca akamsubiri nje. "Mama Baraka, unapaka nini siku hizi? Tuambie na sisi tuliochakaa." Yustina alicheka mpaka akashika mbavu. Mvi za pembeni mwa masikio zilikuwa zimepungua. Na alikuwa analala. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akiamka saa kumi alfajiri kulia kimya kimya akidhani mumewe amelala, na mumewe akijifanya amelala. Sasa alilala mpaka kunakucha, na Fransisko naye akalala, na asubuhi akaamka akiwa hana deni la usingizi kwa mara ya kwanza tangu msiba. Mungu amsamehe, hakuuliza maswali.

Ila mkononi, Yustina alikuwa na kovu la mafuta. Alikuwa akikaanga mihogo siku walipoletewa habari ya Baraka, na kikaango kilimwagika juu ya kifundo cha mkono wake bila yeye kusikia maumivu mpaka jioni. Siku ya Jumanne Fransisko alimpokea sahani, akaona mkono ni laini. Alikwenda chumbani kutafuta picha ya Baraka ya Komunyo ya Kwanza, iliyoning'inia juu ya kitanda, yenye pembe zilizoliwa na mchwa. Fremu ilikuwepo, msumari ulikuwepo. Ndani yake kulikuwa na karatasi nyeupe, mpya, pembe zake zote nne kamili.

Alhamisi, siku mbili kabla ya Siku ya Marehemu Wote, alinunua mishumaa miwili kama kila mwaka. Kila mwaka walikwenda pamoja, yeye anang'oa majani, Yustina anafuta msalaba kwa khanga. Aliiweka mishumaa mezani. Yustina alikuwa anapepeta mchele huku anaimba wimbo wa kumtoa bibi harusi, wimbo ambao Fransisko hakuusikia kinywani mwake tangu wakiwa vijana.

"Mishumaa ya nini, Fransisko? Umeme umekatwa?"

Alimwita Fransisko. Hakumwita hivyo tangu mwaka aliozaliwa mtoto.

"Ya Jumamosi," alijibu taratibu. "Ya makaburini."

"Kuna nani makaburini?"

"Mama Baraka."

Yustina aligeuka nyuma, akaangalia mlangoni aone ni nani aliyeingia.

"Baraka," Fransisko alisema, na sauti yake ikatoka ndogo. "Mtoto wetu, Yustina."

Mkewe aliinamisha uso, akacheka kwa aibu. "Mungu atatupa. Mbona una haraka hivyo?" Akaanza kupepeta tena, na katika sauti ya mchele ukiruka na kurudi kwenye ungo Fransisko aliisikia sauti nyingine chini yake, shwa, shwa, shwa, karibu kabisa na shingo ya mke wake, yenye subira, yenye ustadi, sauti ya mtu anayejua kazi yake na asiye na haraka ya kuimaliza, na harufu ya zafarani ikajaa chumbani mpaka akaihisi juu ya ulimi, pale pale alipoihisi mara ya kwanza, na hapo ndipo alipojua kwamba ni yeye mwenyewe aliyeileta nyumbani.

Fatuma alifika kibandani Ijumaa mchana. Fransisko alifungua droo. Fatuma aliutazama uso wa saa, mweupe kama sahani, akakaa kwenye kigoda cha wateja.

"Fundi," alinong'ona. "Umeuosha."

"Nimeuosha. Nisamehe. Nyumbani kwangu kuna kitu."

"Kimempata nani?"

"Mke wangu. Anakuwa kijana. Amemsahau mtoto."

Fatuma alijifunika mdomo kwa mkono. Kisha alisema, akitazama nje kana kwamba kuna anayewasikiliza. "Baba alikuwa na mke mkubwa kabla ya mama yangu. Nilimwona nikiwa mdogo. Alikuwa na miaka hamsini na mbili na hakuwa na kunyanzi hata moja. Alikaa uani ananyonya kidole. Walikuwa wanamlisha uji, fundi. Halafu siku moja akawa hajui kumeza." Akapangusa macho. "Aliyekikomesha kile kitu kisihamie kwa mama yangu ni Mwalimu Omari wa Mkuyuni. Nilijua kimefungwa. Sikujua kimefungiwa wapi. Ningejua ningekwambia, wallahi. Panda tuondoke sasa hivi."

Hapa Fransisko alifanya kosa la pili, na hili halikuwa la kifundi. Alisema, "Jumatatu."

"Fundi!"

"Jumatatu, mwanangu. Nina kazi ya watu."

Hakuwa na kazi ya mtu yeyote. Alikuwa na mke anayeimba. Alitaka siku tatu tu. Alikuwa mzee aliyechoka kulia, na mwenzake alikuwa amepumzika, na hakuwa na moyo wa kumwamsha. Siwezi kumlaumu sana, ingawa yeye mwenyewe anajilaumu mpaka leo.

Jumamosi alikwenda makaburini peke yake na mishumaa miwili, akalisoma jina la Baraka msalabani kwa sauti. Jumapili Yustina alifungua redio, akamvuta katikati ya sebule wakacheza, ngozi yake nyororo, meno yake yote yapo. Jumatatu asubuhi alimwekea chai, akamuuliza atarudi saa ngapi bila kumtaja jina, akiangalia chini, kama mwali aliyeletwa wiki iliyopita. Fransisko alisimama mlangoni kwa muda. Kisha pikipiki ikalia nje, akaenda.

Walipita ile kona ya Baraka. Fatuma alipunguza mwendo bila kuambiwa.

Mwalimu Omari walimkuta Mkuyuni nyumbani kwake, mzee wa miaka themanini mwenye mguu uliovimba, anazozana na mwanamke aliyekuja kununua ndizi mbivu kwa bei ya mbichi. Zamani alifundisha watoto chuo cha Kurani. Sasa aliuza ndizi, na ilionekana wazi kwamba majini amechoka nayo kama anavyochoka na wateja. Aliwapeleka chumba cha nyuma, penye mikungu iliyoiva, yenye madoa meusi, ikinukia utamu. Aliipokea saa, akaisogeza dirishani.

"Uliosha na nini?"

"Maji, mwalimu. Na sabuni kidogo."

"Brashi ulikuwa unailowesha wapi?"

Fransisko alitazama sakafu. "Mdomoni."

Mzee alifumba macho. "Watu wanaandikiwa kombe, aya za wino wa zafarani, wanywe wapone. Wewe umekunywa kifungo cha mwenzio." Akashusha sauti, nao wakainama kumsikia. "Huyu anakula miaka. Anakula kile ambacho miaka inakiacha kwa mtu: kovu, mvi, msiba. Haumizi. Huo ndio ubaya wake, hana maumivu, mtu anamshukuru mpaka siku anapomaliza. Na aliyembeba hamgusi. Anakula wa pembeni yake. Mosi alibaki na mvi zake zote."

"Kwa nini ulimfungia kwenye saa?" Fatuma aliuliza.

"Baba yako alikuwa anaiangalia saa mara mia kwa siku, na kioo kinamzuia kuugusa uso wake. Nilitaka pahali pa kuangaliwa pasipoguswa."

"Andika tena," Fransisko alisema. "Nakuomba."

"Nitaandika. Lakini ule wino ulikaa miaka thelathini na tano bila kuguswa. Ulizama. Ile rangi mliyoiona uchafu ndiyo iliyokuwa imemshika, mimi nilianza tu. Huu wa leo utakaa juu juu. Kidole kibichi kitautoa. Kioo usikirudishe kwa siku saba, uuache hewani ukauke, na saa ikae kwako, maana wewe ndiye uliyemmeza."

"Na mke wangu?"

"Alichokula hakitapiki. Alipofika ndipo atakapobaki." Mzee aliloweka zafarani kwenye marashi. "Ulijua lini?"

"Alhamisi."

"Leo Jumatatu," Mwalimu Omari alisema.

Fransisko alifungua kioo na kuitoa mishale kwa mikono yake mwenyewe. Kisha mzee alimpa brashi nyembamba ailoweshe mdomoni, akaipokea, akaichovya, akaandika ndoano moja, akairudisha mdomoni mwa Fransisko, na kila ilipotoka midomoni alisikia ile shwa, shwa si nje tena bali ndani, nyuma ya meno, chini ya masikio, na kitu kikajishikilia kooni mwake kama mtoto anayekataa kuachishwa ziwa, na Fatuma akapiga kelele ndogo akionyesha kidole kwenye mikungu, kwa sababu madoa meusi yalikuwa yanafutika, manjano inaondoka, ndizi zinarudi kijani moja baada ya moja kuanzia upande wao, ngumu, changa, na utamu ukakatika hewani, na mzee akaendelea kuandika bila kuinua kichwa, anasoma kwa midomo mikavu, mpaka ndoano ya mwisho ilipokutana na ya kwanza na chumba kikanyamaza.

"Mali yangu imeharibika," Mwalimu Omari alisema, akiitazama mikungu. Akanawa mikono.

Safari ya kurudi ilichukua alasiri nzima. Fransisko aliketi nyuma ya pikipiki na saa wazi juu ya kiganja, mkono wa pili ameukunja juu yake kuzuia vumbi, na Fatuma aliendesha taratibu hata watoto wa shule wakawapita kwa miguu. Walipofika Bigwa mkono wa mzee ulikuwa umekufa ganzi. Fatuma alimuaga kwa kumshika bega, akaondoka akilia.

Yustina alikuwa amekaa kizingitini, khanga kichwani, nyumba imefagiliwa mpaka barazani. Alikuwa msichana. Alimwona mzee anakuja na mkono mbele kama aliyebeba yai, akasimama upesi, akakunja goti kidogo.

"Shikamoo."

Fransisko alisimama pale uani. Alimtazama yule mtoto wa Matombo, miaka kumi na minane hivi, aliyekuwa bado hajakutana na fundi saa yeyote, na aliona hana wa kumlalamikia.

"Marahaba," akajibu.

"Wenyewe nimekuta wametoka, mzee. Na mimi ni mgeni, ila nimewafagilia. Karibu ndani uwasubiri, unaonekana umechoka sana."

Alimkaribisha kwenye kiti chake mwenyewe. Alimletea chai kwenye kikombe cha bluu kisicho na pengo. Fransisko aliiweka saa mezani, mbele yake, mbali na ukingo, wino wa kahawia bado unang'aa mbichi. Siku saba. Alijaribu kuzihesabu akashindwa kupita ya pili.

"Saa nzuri," Yustina alisema, akiinama. "Lakini ina uchafu usoni." Akaishika ncha ya khanga yake, akaipeleka mdomoni, akailowesha. "Lete nikufutie, mzee. Mara moja tu."

Fransisko alizungusha viganja vyote viwili juu ya saa bila kuigusa, kama mtu anayeukinga mshumaa.

"Iache," alisema. "Iache ilivyo, mwanangu."

Yustina alicheka kidogo, kicheko kile kile, akavuta kigoda akaketi karibu yake kuwasubiri wenye nyumba. Ncha ya khanga alibaki ameishika mkononi, imelowa, tayari.